Mzee Mizani na Mafungu ya Diski

Jumamosi, tarehe 14 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mawingu mazito yalikuwa yametanda tangu alfajiri, lakini hata tone moja la mvua lilikuwa halijadondoka. Hewa ilisimama. Katika sebule ya nyumba ya vyumba viwili, mzee mmoja aliketi mbele ya kompyuta, miwani puani, akisoma onyo kwa mara ya tatu. Onyo lilisema kwamba nafasi katika diski C imekwisha.

Mzee huyo watu walimwita Mizani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni. Sabuni aliikata kwa rula. Sukari aliipima mbele ya macho ya kila kiranja. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchunga mbuzi walipata sawasawa. Tena alipiga marufuku mwanafunzi kumwazima mwenzake fungu lake. "Leo ataazima," alisema, "kesho mwenye nguvu atanyang'anya." Wanafunzi walimwogopa, wengine walimcheka. Hakuna aliyewahi kumshuku.

Kanuni hizo alistaafu nazo, akazileta nyumbani. Kompyuta hii ilipofika, iliyokwisha kutumika na betri yake imekufa, jambo la kwanza alilouliza ni ukubwa wa diski yake. Diski ni kifaa kilichomo ndani ya kompyuta. Humo huhifadhiwa kila kitu: programu, barua, picha na hesabu. Diski moja inaweza kugawanywa katika sehemu, kama stoo moja inavyowekewa kuta ndani. Mafundi huziita sehemu hizo patisheni. Mizani aliziita mafungu.

"Nyumba hii ina watu watatu," alimwambia muuzaji. "Na kompyuta yenyewe ni mfanyakazi. Kata mafungu manne, sawa kwa sawa."

Muuzaji alikata. Fungu C likawa la mfumo, yaani zile programu zinazoiendesha kompyuta. D likawa la baba, E la mama, F la binti. Kila fungu lilipata gigabaiti mia moja na kumi na sita, na Mizani akaridhika.

Sasa C lilikuwa limejaa, na jambo hilo lilikuja wakati mbaya. Binti yake alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Wiki sita zilizopita paa la kliniki lilivuja, na daftari la chanjo likalowa. Ndani yake mlikuwa na majina ya watoto mia sita na kumi na wawili, pamoja na tarehe za chanjo zao. Kurasa ziligandamana. Kwa ruhusa ya mkuu wake, binti alizibandua moja moja kwa wembe, akanakili kila ukurasa kwenye kompyuta kabla haujasagika. Kurasa nyingi zilisomeka mara moja tu, kisha zikawa vumbi. Jumatatu kikosi cha chanjo kingeanza kupita mtaa kwa mtaa, kikiwatafuta watoto waliokosa dozi ya pili. Bila orodha ya binti, kisingejua mtoto gani amekosa.

Jana usiku binti alilalamika kwamba kompyuta inakwenda kama konokono. Asubuhi alikwenda kazini akiwa amenuna. Mizani akakata shauri kumsaidia.

Alikuwa amenakili maelekezo kutoka kwenye simu: futa patisheni usiyoitumia, kisha ongeza nafasi kwenye C. Akatazama mafungu. La binti lilijaa masomo ya video ya uuguzi. Lake mwenyewe lilikuwa na hesabu zake na picha. Likabaki la mama.

"Mama!" aliita.

Mkewe alikuwa uani akianua nguo kabla mvua haijazikuta. Akaja hadi mlangoni, vibanio vya nguo mkononi.

"Katika fungu lako mna kitu chako chochote?"

Mkewe alisita. "Changu?"

"Chako."

"Changu hakuna. Mimi na kompyuta hiyo tunasalimiana kwa mbali tu."

"Una hakika?"

"Si nimekwambia, bwana? Changu hakuna." Akageuka haraka, akarudi kwenye kamba.

Mizani angeweza kulifungua fungu hilo akatazama. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Hakufanya hivyo. Katika maisha yake yote hakuwahi kufungua sanduku la mtu mwingine, na hakuona kwa nini aanze leo, hasa kwa mkewe. Neno lake lilimtosha.

Alichagua E. Kompyuta ikauliza: vyote vilivyomo vitapotea, uendelee?

Akabonyeza ndiyo.

Pale palipokuwa na fungu la mama pakaonekana mstari mweusi: nafasi isiyogawiwa. Akarudi kwenye C ili aiongezee. Neno la kuongeza lilikuwa la kijivu. Alilibonyeza mara tano, halikukubali. Akawaza kidogo. Basi akaunda patisheni mpya palepale penye nafasi, akaipa jina AKIBA. Ili aijaribu, akanakili humo video ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, ya sherehe ya kumuaga kazini. Video iliingia yote. Akajiegemeza kitini, ametosheka.

Mkewe aliingia na beseni la nguo. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Mbona sioni jina langu hapo?"

"Nimelifuta fungu lako. Si ulisema halina kitu?"

Beseni lilitua chini kwa kishindo.

"Nilisema hamna changu!"

"Basi mna cha nani?"

Mkewe alishika kiegemeo cha kiti. "Cha mwanao. Daftari la watoto. Fungu lake lilijaa, akaniomba langu. Nikampa. Akaniambia, usimwambie Baba, atasema tunaazimana mafungu."

Mkono wa Mizani ukaenda tena kwenye kipanya, atafute neno lolote la kurudisha.

"Usiguse!" Mkewe alipiga kelele ambayo hakuwahi kuipiga katika ndoa yao. "Usiguse chochote, mzee! Namwita Mama Pacha."

Mama Pacha aliishi mlango wa tatu katika uwanja uleule. Alikuwa fundi wa kompyuta za hospitali kubwa, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kutembea na mwepesi zaidi wa maneno. Alifika na khanga kiunoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Kabla sijakaribia, ondoa mkono kwenye hicho kipanya. Hivyo. Uweke mapajani kama mtu anayepigwa picha."

Mizani aliuweka mapajani. Mama Pacha akauliza maswali mafupi, naye akajibu kwa mafupi. Amefuta nini? Saa ngapi? Kisha amefanya nini?

"Nimeunda patisheni mpya."

"Kisha?"

"Nimeweka video ya kuagwa kwangu."

"Ndefu?"

"Saa mbili."

"Watu walizungumza saa mbili kukuaga? Walifurahi kupita kiasi." Lakini uso wake haukucheka. Palepale aliizima kompyuta.

"Mbona unaizima? Hatutafuti?" aliuliza mama.

"Tutatafuta, ila si kwa kompyuta hii. Ikiwa inawaka, inaandikaandika yenyewe bila kuulizwa." Akamgeukia Mizani. "Mzee, wewe ni mtu wa stoo, nitakueleza kistoo. Kufuta patisheni si kubeba magunia na kuyatupa. Ni kufuta mstari kwenye daftari la stoo. Magunia yapo palepale gizani. Lakini daftari sasa linasema hapa patupu. Ukileta mzigo mpya, unawekwa juu ya magunia ya zamani, nayo yanapondeka."

"Na video yangu ndiyo mzigo mpya."

"Ndiyo. Hatujui imekaa juu ya nini."

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo Mizani aliwaambia wanafunzi kwa miaka thelathini na moja. Sasa ulimrudia kichwani, akatamani asingeujua.

Mama Pacha alileta bisibisi, waya na kompyuta yake mwenyewe. Akafungua kifuniko cha chini, akaichomoa diski, kitu kidogo kama daftari la mfukoni, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya. Akawasha programu ya kutafuta vilivyofutwa.

"Sikilizeni. Sitapekua diski nzima, nitapekua pale palipokuwa fungu la mama tu. Na chochote nikikipata nakiweka kwenye kompyuta yangu. Hakirudi kwenye diski hii, maana tutaponda vingine. Jambo la pili. Saa kumi nakwenda zamu, na kompyuta hii nakwenda nayo. Sirudi mpaka Jumatatu asubuhi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo. Mstari wa kijani ulianza kutambaa kwenye kioo. Asilimia moja. Asilimia mbili.

Saa saba na nusu binti alirudi kutoka kazini, na mvua ikaingia nyuma yake. Alisimama mlangoni, akaitazama kompyuta iliyopasuliwa, kisha akawatazama wazazi wake.

"Kuna nini?"

Mama alifungua kinywa. Mizani alimzuia kwa mkono. Alisimama, kama alivyokuwa akisimama mbele ya wakaguzi.

"Mimi nimefuta kazi yako, mwanangu. Nimelifuta fungu la mama yako. Sikujua kwamba imo ndani."

Binti alikaa chini polepole, mkoba ungali begani. Hakulia. Hakupiga kelele. Mizani angependa apige kelele.

"Una nakala mahali pengine?" aliuliza Mama Pacha.

"Kila siku nasema nitaweka kwenye flashi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini nilidhani nimeshajilinda. Kila faili niliiweka sehemu mbili, folda mbili tofauti."

"Folda mbili katika fungu la mama?"

"Ndiyo."

"Dada, hizo si nakala mbili. Hata ungeweka moja E na moja F, ni diski moja. Kuta za ndani hazizuii nyumba nzima kuungua. Nakala ni ile iliyo nje: kwenye flashi, kwenye diski ya pili, kwenye kompyuta ya kliniki."

Asilimia thelathini na moja. Radi ilipiga karibu. Taa ikazimika, na feni ikapunguza mwendo hadi ikasimama. Kioo cha Mama Pacha kiliendelea kuwaka. Wote wanne waliangalia pembeni ya kioo, penye alama ya betri.

"Hamsini na nne," alisoma Mama Pacha. Akapunguza mwanga, akazima kila kitu kisichohitajika. "Ikizimika katikati, hatuharibu kitu. Kusoma diski si kuikata. Ila tutaanza upya, na umeme usiporudi kabla ya saa kumi, basi."

Mvua ilipiga bati. Mizani hakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Alihesabu. Betri ilipoteza asilimia moja kila dakika mbili. Mstari wa kijani ulipanda asilimia moja kwa dakika moja na nusu, wakati mwingine kwa mbili. Alirudia hesabu hiyo kichwani mara nyingi. Kila mara jibu lilikuwa jembamba: betri ingetosha kwa shida, au isingetosha.

"Ulimwambia mama yako asiniambie," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Ningekwambia ungekubali?"

Mizani alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Nisingekubali."

"Basi," alisema mama, akikunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. "Wote watatu tumelifanya hili."

Betri ilikuwa asilimia kumi na moja, mstari wa kijani ukiwa themanini na saba, wakati folda ilipojitokeza. Jina lake lilikuwa CHANJO. Binti aliruka kutoka kitini.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!"

"Tulia, usije ukanipiga kumbo." Vidole vya Mama Pacha vilikimbia. "Mna faili saba, moja kwa kila mtaa. Nazinakili kwangu. Moja. Mbili. Tatu." Betri ilisoma tisa. "Nne. Tano. Sita."

Vidole vyake vilisimama.

"Ya saba?" aliuliza binti.

"Ya saba ina jina, lakini ndani imepondeka, na ile folda yako ya pili imepondeka yote. Tazama."

Kwenye kioo mlikuwa na alama zisizosomeka, kama changarawe iliyomwagwa.

"Video," alisema Mizani.

"Video, Mzee."

Binti alishusha pumzi ndefu. "Ni mtaa wa mwisho. Watoto thelathini na wanane." Akapangusa macho kwa kiganja. "Kurasa zake zipo bado. Niliziacha kliniki zikauke kati ya magazeti. Hao hawakupotea. Wanadai kuandikwa tu."

Mama Pacha alinakili faili sita kwenye flashi, akafungua kila moja kuhakikisha inasomeka, ndipo akampa binti. "Hii leo hii unaipeleka kliniki, iingie kwenye kompyuta ya huko. Usiseme nitafanya kesho." Saa kumi kasorobo alikuwa anakunja waya zake.

"Na kompyuta yetu?" aliuliza mama.

"Rudisheni diski ndani, msiiwashe. Jumatatu tutaigawa upya, umeme ukitulia. Nitaleta kifaa cha kuhifadhi umeme, maana betri yenu ni marehemu. Kusogeza kuta za diski, umeme ukakatika katikati, ni sawa na kubomoa nyumba mtu akiwa kalala ndani."

Jumatatu asubuhi jua liliwaka. Mama Pacha, macho mekundu kwa zamu, aliketi na Mizani mbele ya kompyuta. Kwanza walinakili vitu vyote, kutoka kila fungu, kwenye diski ya nje. Kisha wakafungua nakala chache kuzikagua. Baada ya hapo tu ndipo alipouliza: "Haya, Mzee. Tunagawaje?"

"Sawa kwa sawa ndiyo haki," alisema Mizani, lakini hakulisema kwa nguvu.

"Shuleni kwako, mwanafunzi akilazwa mgonjwa, alipata maziwa?"

"Kikombe cha ziada kila siku. Kwa cheti cha daktari."

"Mbona wazima hawakupata?"

"Hawakuwa na haja nayo." Akavua miwani na kuifuta. "Endelea, Mama Pacha. Nimeelewa."

"Mfumo unanenepa kila mwezi. Programu mpya zinaingia, na hata vile mnavyoviweka juu ya kioo pale mbele vinakaa C. Kwa hiyo tuupe nafasi ya kupumua, mia moja na themanini. Zinazobaki zote ziwe fungu moja la kazi. Ndani yake kila mtu ana folda yake. Folda inakua na kupungua yenyewe, ukuta haukui. Na siku mfumo ukiharibika, tunaufuta C na kuuweka upya, fungu la kazi halitikisiki."

"Na Jumamosi, kwa nini C ilikataa kuongezwa?"

"Kwa sababu fungu hupanuka kwa jirani anayepakana nalo kwa nyuma tu. Jirani wa C alikuwa D, fungu lako. Wewe ulibomoa chumba cha tatu ili upanue cha kwanza."

Mizani alitikisa kichwa. Aliandika yote katika daftari lake: kunakili nje kwanza, kufungua kila fungu na kutazama pamoja na mwenyewe kabla ya kufuta, kuwa na umeme wa akiba, kugawa kwa haja. Juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: PATISHENI SI NAKALA.

Kazi ilikwisha saa sita. Kompyuta iliwaka bila onyo lolote. Mama Pacha akaenda kulala. Mizani hakuondoka kitini. Mezani kwake palikuwa na kurasa nne zilizojikunja, ambazo binti alizileta Jumapili akazilaza chini ya kipande cha kioo cha dirisha ili zinyooke. Kikosi kingefika mtaa wa mwisho Jumanne.

"Mwache mwenyewe akirudi aandike," alisema mama. "Utaweza wapi wewe?"

"Nisomee tu majina, nami nitaandika."

Aliandika kwa kidole kimoja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dozi ya kwanza, dozi ya pili. Kila baada ya watoto watano alihifadhi kwenye folda ya binti, kisha kwenye flashi. Mama alisoma hadi sauti ikakauka. Alileta chai, ikapoa bila kuguswa.

Binti alirudi saa kumi na moja na nusu jioni, viatu vimejaa vumbi, uso unang'aa.

"Baba! Leo tumepita mitaa mitatu. Orodha imetuonyesha watoto ishirini na saba waliokosa dozi ya pili. Ishirini na sita wamechanjwa! Mmoja amesafiri, tumepata simu ya shangazi yake." Akaona kidole cha baba yake juu ya vitufe. "Hee! Nami nilisikia kidole kimoja hakivunji chawa."

"Kimechelewa, lakini kimefika. Kagua."

Binti aliketi. Akachukua kurasa, akalinganisha mstari kwa mstari, bila haraka na bila huruma, kama yeye mwenyewe alivyolelewa. Mizani alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Mtoto wa kumi na tisa, umeandika Mei. Hapa ni Machi."

Mizani aliinama, akarekebisha, akahifadhi mahali pawili.

Binti aliendelea hadi chini. "Thelathini na wanane. Wote wako sawa."

"Nilikuwa nadaiwa watoto thelathini na wanane," alisema Mizani. "Sasa je?"

"Umelipa, Baba," alisema binti. "Sikudai tena kitu."